Udongo Hausikii Amri

Mwanafunzi wa elimu ya udongo, awe anasoma Morogoro, Wageningen au Ibadan, hana budi kupita kwenye dhana moja iliyotoka Afrika Mashariki. Inaitwa katena. Aliyeitangaza mwaka 1935 ni Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyekuwa akifanya kazi Amani, juu katika milima ya Usambara Mashariki. Alichosema ni kwamba udongo wa kilimani, wa ubavuni na wa bondeni usihesabiwe kuwa aina mbalimbali zisizojuana, maana ni mfuatano mmoja uliofungamanishwa na maji yanayoteremka. Leo dhana hiyo inafundishwa duniani kote, na mara nyingi bila kutajwa mahali ilipozaliwa. Kwa maoni yangu, historia ya utafiti wa udongo na mimea katika nchi zetu, tangu Amani ya Wajerumani hadi mashamba ya mihogo ya Mtwara, inathibitisha jambo moja: mtaalamu wa udongo na mimea alifika mbali kila alipomchukua mkulima kuwa shahidi wa kwanza wa shamba, na alikwama kila alipomfanya mtekelezaji wa maagizo. Sisemi hivyo ili kumpamba mkulima. Kuna mambo mengi ambayo mkulima hakuyajua wala asingeweza kuyajua bila darubini na maabara, na nitayataja. Lakini ushahidi unaelekea upande mmoja, nao haujatiliwa maanani vya kutosha.

Kituo cha Amani kilifunguliwa na serikali ya Kijerumani mwaka 1902, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann. Kusudi lake halikuwa chakula cha wenyeji. Koloni lilihitaji mazao ya kuuza Ulaya: kahawa, mpira, mkwinini, mkonge, viungo na mbao. Bustani kubwa ya miti kutoka kila upande wa joto wa dunia ilipandwa kwenye miteremko, na mingine ingali imesimama hadi leo. Wakemia walipima udongo wa maeneo yaliyofikiriwa kufaa kwa mashamba ya walowezi. Paul Vageler, kwa mfano, aliandika juu ya tambarare ya Mkata na nchi ya Ugogo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipokata njia za meli, Amani chini ya Albrecht Zimmermann ikageuka karakana ya koloni zima, ikitengeneza hata dawa ya malaria kutokana na maganda ya mkwinini wake. Waingereza walipokichukua, kituo kilidorora kwa miaka kadhaa, kisha mwishoni mwa miaka ya 1920 kikafufuliwa kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima. Ndipo walipokuja Milne upande wa udongo na H. H. Storey upande wa magonjwa ya mimea, wote wawili mwaka 1928.

Milne alikabiliwa na tatizo ambalo vitabu vya Ulaya na Urusi havikuwa na jibu lake. Mabingwa wa Urusi walikuwa wamefundisha kwamba hali ya hewa ndiyo mzazi mkuu wa udongo: kila ukanda wa mvua na joto una udongo wake, nao unaweza kuchorwa katika ramani kwa mikanda mipana. Katika Uganda na Tanganyika fundisho hilo lilikwama upesi. Mtu akisimama juu ya kilima cha Buganda ataona tabaka la changarawe ngumu ya chuma, chini yake udongo mwekundu wenye rutuba, kisha mchanga wa kijivu, na mwisho tope jeusi la bonde lenye mafunjo. Mvua ni ileile, joto ni lilelile, na mara nyingi hata mwamba ni uleule, na yote hayo yamo katika mwendo wa dakika chache kwa miguu. Ukitaka kuchora kila kipande peke yake, ramani ya nchi nzima haitamalizika milele. Ukipaka rangi moja eneo lote, umedanganya. Milne na wenzake wa Uganda, Kenya na Zanzibar waliamua kuuchora mfuatano wenyewe, kilima na bonde lake, kama kitu kimoja kinachojirudia. Mwaka 1936 wakatoa ramani ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki iliyosimama juu ya wazo hilo.

Namna mfuatano huo unavyofanya kazi inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake mna jibu la maswali mengi yanayofuata. Juu ya mteremko maji hupenya haraka na hewa huingia, chuma kilichomo hupata kutu, na udongo unakuwa mwekundu. Maji yakishuka hayaendi matupu: hubeba chembe laini za mfinyanzi na chumvi zilizoyeyuka, hasa chokaa na magadi. Katikati ya mteremko hubaki mchanga mkavu. Chini kidogo, palipo na magadi mengi, chembe laini huziba vitundu vya udongo na kuunda tabaka gumu ambalo jembe hugonga likarudi. Bondeni hukusanyika mfinyanzi mweusi unaovimba wakati wa masika na kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi, na ndani yake ukichimba utakuta vidonge vyeupe vya chokaa. Mtaalamu husoma haya yote kwa kuchimba shimo, kukwangua ukuta wake kwa kisu, kulowesha tonge la udongo na kulivingirisha vidoleni aone kama litavunjika au litanyooka kuwa utepe.

Sasa twende Usukuma. Mkulima wa kusini mwa Ziwa Viktoria hakuhitaji kuambiwa kwamba kilima na bonde ni familia moja. Alikuwa na majina kwa kila hatua ya mteremko: luseni kwa mchanga wa juu, itogolo kwa udongo wa kijivu wenye tabaka gumu, ibushi kwa ule mweusi wenye chokaa pembeni mwa bonde, na mbuga kwa mfinyanzi mzito wa bondeni. Kila jina lilibeba maamuzi. Luseni hulimwa mapema na kwa jembe la mkono bila taabu, lakini huchoka upesi. Itogolo haipitishi maji, na hiyo ndiyo faida yake kwa mpunga wa majaruba. Mbuga ina rutuba lakini humshinda mtu mwenye jembe akichelewa siku chache baada ya mvua kukolea. N. V. Rounce, ofisa wa kilimo aliyeandika kitabu juu ya kilimo cha nyika hiyo mwaka 1949, aliyachukua majina ya Kisukuma kuwa msingi wa maelezo yake, kwa sababu hakukuwa na orodha nyingine iliyokuwa inatumika vizuri zaidi. Neno mbuga likaingia katika maandishi ya kisayansi na kukaa humo.

Wapo watakaosema orodha ya majina si sayansi, na kwamba mkulima wa Usukuma alijua pa kupanda mpunga lakini hakujua habari za magadi wala mwendo wa chembe za mfinyanzi. Pingamizi hilo lina uzito. Kueleza sababu ni kazi tofauti na kutambua tofauti, na sababu ndiyo inayomwezesha mtu kukisia udongo wa mahali asipowahi kufika. Milne alifanya kazi hiyo ya kueleza sababu, na heshima yake ni halali. Lakini hakuna anayeweza kueleza tofauti ambayo hajaiona, na tofauti za Usukuma zilikuwa zimeshaonwa, zimepangwa na kujaribiwa na vizazi vya watu ambao wangelala njaa kama wangekosea. Mtaalamu aliyezichukua alianzia mbali mbele ya yule aliyeanza na karatasi tupu. Nani alifanya hivyo na nani hakufanya? Tunaweza kulipima swali hilo, kwa sababu miaka kumi na moja tu baada ya katena kutangazwa, serikali ileile ya Kiingereza iliyomlipa Milne ilianza kupanga jambo kubwa la kilimo kana kwamba yeye hakuwahi kuandika. Milne alikuwa amefariki mwaka 1942, na taarifa ya safari yake ya kuchunguza udongo wa Tanganyika ilikuja kuchapishwa baadaye, mwaka 1947.

Mwaka huohuo wa 1947 matrekta yalikuwa yakiingia Kongwa, katika Ugogo. Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, alitumwa mwaka 1946 pamoja na wenzake wawili kutafuta ardhi ya kulima karanga. Walizunguka kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na pendekezo la ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka wa kwanza zilitarajiwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe. Mchanga mkali uliochanganyika na mfinyanzi ulikula vyuma kama msasa. Mvua zilipokatika udongo ulikauka ukawa mgumu kiasi cha kuzinasa karanga ardhini, nazo ni zao ambalo lazima ling'olewe. Januari 1951 mpango ulifutwa baada ya kugharimu kiasi cha pauni milioni 36.

Watetezi wa mradi huo wamesema kilichoua karanga ni ukame, haraka ya wanasiasa na matrekta mabovu ya mabaki ya vita, na kwamba wanasayansi walikuwepo. Ni kweli walikuwepo. Hugh Bunting aliongoza utafiti huko kwa bidii, na Wakefield mwenyewe hakuwa mgeni wa Tanganyika. Ila tazama mpangilio wa mambo: ekari zilishaamuliwa, mashine zilishanunuliwa, ndipo wachunguzi wa udongo na mvua wakaanza kazi. Wagogo walioitumia nchi ile kwa mifugo na kwa mashamba madogo ya nafaka zinazostahimili ukavu walikuwa wamekwisha kutoa jibu, kwa namna walivyoitumia ardhi, kuhusu uhakika wa mvua yake. Ukame ulikuwa sehemu ya kawaida ya Ugogo, wala haukuwa ajali. Ndiyo maana siukubali utetezi wa kwamba mradi ulipatwa na bahati mbaya. Palikosekana hatua moja ambayo kijana yeyote wa kazi hii hufundishwa mwanzo kabisa: chimba shimo, uliza aliyelima hapa, kisha ndipo upange.

Uluguru unatuonyesha upande mwingine wa kosa hilo, na kwangu mimi ndio unaofundisha zaidi, kwa sababu safari hii wataalamu walikuwa sahihi katika utambuzi. Mmomonyoko ulikuwepo. Milima juu ya Morogoro ilikuwa imelimwa hadi juu sana, na mito iliyolisha mashamba ya tambarare ilikuwa ikibeba udongo mwingi. Mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru, ulioanza mwaka 1950, ukaamuru kila mwenye shamba achonge matuta ya ngazi. Katika kitabu matuta ya ngazi ni dawa nzuri. Katika mteremko mkali wa Uluguru udongo wenye rutuba ni ganda jembamba, na kuchonga ngazi ni kulifukia ganda hilo na kulileta juu tabaka la chini lisilozaa. Watu waliona mahindi yao yakidumaa kwenye ngazi zilizowagharimu jasho jingi, huku faini ikimngoja asiyechonga. Julai 1955 hasira zililipuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akauawa, na mpango ukaachwa.

Wakati huo, kusini katika milima ya Umatengo, mbinu nyingine ya kuzuia mmomonyoko ilikuwa ikitumika kwenye miteremko mikali bila askari wala faini. Mwisho wa masika wanaume hufyeka majani marefu na kuyalaza chini kwa mistari inayokatana, ikaacha vipande vya mraba. Wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kutupa udongo juu ya majani, hata mistari ikawa matuta na katikati pakabaki shimo. Hiyo ndiyo ngoro. Maharage hupandwa juu ya matuta. Majani yaliyozikwa huoza na kuwa mboji. Maji ya mvua hutulia mashimoni badala ya kukimbia na udongo. Msimu unaofuata hupandwa mahindi. Udongo wa juu haufukiwi, hurundikwa. A. H. Pike, ofisa wa serikali, aliielezea mbinu hiyo katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1938, miaka kumi na miwili kabla ya amri ya Uluguru. Maelezo yalikuwa yamechapishwa Dar es Salaam. Sidai kwamba ngoro ingefaa kuhamishiwa Uluguru kama ilivyo, maana Umatengo una udongo wake na kazi zake za kaya. Ninachodai ni kwamba serikali ilikuwa na ushahidi mkononi kuwa wakulima wa milimani wanaweza kuulinda udongo kwa njia inayouongezea rutuba, na bado ilichagua njia inayouondoa. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikwenda Mbinga kuipima ngoro kwa vipimo vya kisasa. Walianza na wale wanaoichimba.

Pingamizi gumu kuliko yote latoka Kondoa. Huko makorongo yalikuwa yamekula nchi vibaya mno, na mwaka 1979 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, uliondoa mifugo yote katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Ilikuwa amri tupu, na uoto ukarudi. Majani yakafunika miteremko iliyokuwa uchi. Siwezi kuliruka tukio hili kwa sababu tu halikubaliani nami. Nalichukulia kuwa linaweka mpaka wa hoja yangu: amri inaweza kuipumzisha ardhi, kwa kuwa kupumzika hakuhitaji maarifa ya kila kipande. Lakini wenye ng'ombe walilipa gharama yote, ng'ombe wengi wakaenda kulemea ardhi ya majirani, na mwishowe ufugaji ukaruhusiwa kurudi kwa sharti la kufungia ng'ombe zizini na kuwakatia majani. Kuanzia hapo mafanikio yalitegemea wakulima wenyewe kuamua majani gani yapandwe wapi, na samadi iende shamba lipi. Hayo hayawezi kuandikwa katika tangazo la serikali.

Kuna pia yale ambayo mkulima hakuweza kuyajua. Ugonjwa wa batobato wa mihogo ulielezwa Usambara tangu mwaka 1894, lakini hakuna jicho la mtu lingeweza kuona kirusi wala kuunganisha jani lililojikunja na inzi weupe wadogo wanaojificha chini yake. Storey alikuwa tayari ameonyesha Afrika Kusini jinsi kirusi cha mahindi kinavyobebwa na mdudu. Amani, yeye na R. F. W. Nichols waliukabili mhogo kwa njia ambayo mkulima hakuwa nayo: waliuzalisha na jamaa yake wa mwituni, mti wa mpira wa Ceara, kisha wakaurudisha tena na tena kwenye mhogo wa kawaida hadi wakapata mimea yenye viazi vinavyolika na ukinzani wa ugonjwa. D. L. Jennings aliendelea na kazi hiyo miaka ya 1950. Mbegu za mmoja wa mimea hiyo zilipelekwa Nigeria, na kutokana nazo ukapatikana msingi wa mihogo kinzani iliyosambazwa baadaye na kituo cha kimataifa cha Ibadan. Hii ni kazi ya maabara na ya kitalu, na mwenye kudharau maabara aieleze kwanza.

Hata hivyo tuufuate mkondo wake hadi mwisho. Utafiti wa kilimo ulihamishwa kutoka Amani kwenda Muguga, karibu na Nairobi, kuanzia mwaka 1948, na Amani ikawa kituo cha malaria. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la utafiti wa kilimo na misitu la Muguga likavunjika nayo. Uzalishaji wa mihogo wa Amani ulikuwa umekwisha zamani, lakini kabla ya kwisha, vipando vyake vilikuwa vimetoka nje ya ua wa kituo. Mmoja wa mimea hiyo katika daftari uliitwa 46106/27. Pwani ya Kenya watu waliupanda wakauita Kaleso. Kusini mwa Tanzania wakauita Namikonga. Walikata vijiti, wakapeana, wakapanda upya mwaka hadi mwaka, kwa sababu ulikuwa ukizaa pale mihogo mingine iliyooza kwa michirizi ya kahawia, ugonjwa ambao Storey mwenyewe aliupambanua mwaka 1936.

Michirizi hiyo ilipoanza kuenea upya kwa kasi, ikionekana hata Uganda kuanzia mwaka 2004, watafiti walitafuta mihogo inayostahimili. Namikonga ikawa mojawapo ya waliyoitegemea zaidi, na wataalamu wa Naliendele, Mtwara, wakaitumia kama mzazi katika uzalishaji wa mbegu mpya na katika kutafuta sehemu za vinasaba zinazobeba ustahimilivu. Ulinganisho ulionyesha kwamba Namikonga ya Mtwara, Kaleso ya pwani ya Kenya na ile namba ya daftari la Amani ni mmea mmoja. Kwa nusu karne taasisi zilihama, zikabadilisha bendera, zikavunjika. Kazi ya Nichols na Jennings ilitunzwa na watu ambao hawakuorodheshwa popote kuwa watumishi wa utafiti, ambao walikuwa na sababu zao za kuchagua kijiti hiki na kuacha kile. Mtafiti anayekwenda Mtwara leo kukusanya vipando huuliza jina la mhogo, aliyempa mwenye shamba, na jinsi unavyokaa ardhini mvua zikizidi, kisha ndipo anakata sampuli ya kupeleka maabara. Na majibu hayo huandikwa katika fomu ileile pamoja na vipimo vya udongo.